Stendi Isiyotikisika

Jumatatu, 9 Juni

Leo mke wangu ametoa hukumu. Chumba cha nyuma, karakana yangu ya ndege ndogo za mfano kwa miaka sita, kimo hatarini. Kisa? Juzi niliifunga mota mpya kwa kamba kwenye kiti, nikaiwasha kidogo tu nione nguvu yake. Kiti kikaanguka. Propela ikapitia pazia la mteja wa shemeji. Shemeji ni dada yake mke wangu, mshonaji, aliyekuja kukaa nasi wiki mbili, mwaka jana. Pazia lilikuwa la sebuleni. Sasa linatosha dirisha la choo.

Mke wangu kasema nina hadi Jumamosi. Nijenge kitu salama cha kujaribia mota, niiwashe mbele yake, asiumie mtu, kisivunjike kitu. Nikishindwa, chumba anapewa shemeji aweke cherehani zake. Shemeji alichukua utepe wake akapima dirisha. Jeuri hiyo!

Jumanne, 10 Juni

Kazini masjala mafaili yalikuwa machache. Nimechora stendi nyuma ya fomu ya likizo. Ubao mnene wa plaiwudi chini. Kibao cha kusimama, mota inakazwa kwa bolti nne. Wavu wa chuma kuizunguka propela, isile vidole vya mtu. Waya wa mita tano, mwenye swichi akae mbali, tena nyuma, wala si ubavuni. Nani tena ataniambia sijali usalama?

Jioni nikampelekea Fundi Cheche, mchomeleaji wa mtaa wa pili. Akakuna kidevu. Akauliza: mota imefungwa kwenye stendi, sawa, na stendi imefungwa kwenye nini? Nikamjibu kwamba ni nzito. Akacheka, akasema mota ya kurusha ndege haitauogopa ubao. Wivu tu. Mchoro haukutoka kwake.

Jumatano, 11 Juni

Stendi imesimama! Nzuri ajabu. Ila nilipoibeba kuitoa uani, mgongo ukalia kwaa, nikakwama mlangoni nayo. Shemeji akapita, akanipa pole, akaendelea kutunga uzi.

Nimepata dawa. Vigurudumu vinne vya kiti kibovu cha ofisini. Sasa naisukuma kwa kidole kimoja. Akili ni mali! Nimeigonga muhuri wa masjala. Muhuri wenyewe unasema IMEPOKELEWA, lakini wino ni wino.

Alhamisi, 12 Juni

Stendi ya maana hupima mota inavuta gramu ngapi. Nikaazima mizani ya jikoni. Kuazima bila kusema, lakini kuazima. Mke wangu akaitafuta unga ukiwa mkononi. Nikasema nadhani nilimwona shemeji nayo.

Njia ya mwongo ni fupi. Saa moja haikupita, mizani ikaonekana karakanani, ina grisi. Nimeomba radhi kwa wote wawili. Shemeji akasema yameisha. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Ijumaa, 13 Juni

Siku tulivu. Nimekaza nati zote mara mbili. Nimeandika kanuni saba za usalama na kuzibandika mlangoni.

Shemeji amezisoma zote, polepole. Akauliza vile vigurudumu ni vya nini. Akasema ile cherehani yake ya zamani, ya miguu ya chuma, ilikuja na vigurudumu pia, na siku ya kwanza tu alivitoa, maana kitu kinachotetemeka hakiwekwi juu ya kitu kinachotembea. Nikamweleza kwa upole kwamba kushona na urubani ni vitu viwili tofauti. Akasema haya, shemeji.

Jumamosi, 14 Juni

Sina hamu ya kuandika.

Saa nne asubuhi, uani. Mke wangu, shemeji na Fundi Cheche nyuma ya mstari wa chaki. Robo ya kasi: safi. Nusu: wavu unatetemeka, watu wanaitikia kwa vichwa. Mke wangu akatabasamu! Hapo tamaa ikaniingia. Robo tatu.

Stendi ikaondoka. Ikaondoka kabisa, bila kuaga! Nikaikimbilia na swichi mkononi. Waya ukachomoka, mota ikazima, lakini stendi haikuwa na habari. Ikashuka mteremko wa uani, ikaingia chumba cha nyuma, ikagonga rafu. Rafu ikaanguka na ndege zangu nne.

Fundi Cheche akaniuliza kwa sauti ya chini: imefungwa kwenye nini? Mke wangu akasema hajaumia mtu, ashukuriwe Mungu, ila vitu vimevunjika. Ahadi ni deni. Chumba kimekwenda. Nimeokota mabawa moja moja. Naona uchungu, sifichi. Miaka sita si siku sita.

Jumapili, 15 Juni

Shemeji amehamia chumbani na cherehani mbili. Nilisimama mlangoni kama mgeni. Akaniambia niingie, kona ile ameniachia. Konani kumbe ameniwekea ile miguu ya chuma ya cherehani ya zamani. Akasema kichwa chake kilikufa, miguu ingali hai, nifunge mota yangu hapo. Fundi Cheche akaja akatoboa matundu. Tukaisukuma watu watatu. Haikutikisika hata kidogo!

Nilimshukuru shemeji, machozi yakinilenga. Mimi niliyemsingizia mizani! Nimeapa mbele yao wote kwamba nimejifunza.

Ni stendi bora kuliko zote. Ina kasoro moja tu. Haitoki nje, ni nzito mno, na ndani mapazia ya watu yamejaa.

Jioni, nikimtafutia shemeji kifungo kwenye kopo lake, nimekuta vigurudumu vinne vidogo vya chuma. Vya miguu ile ile! Vimeingia bila shida yoyote. Nimevitia mafuta, nikaigonga muhuri.