Ukuta wa Rangi ya Maini

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya kwanza ya likizo, na tayari nimetukanwa.

Nianze mwanzo, kama mwalimu wa insha anavyotaka. Bibi, mama yake mama, hawezi tena kukaa peke yake. Macho yake yamepata ukungu. Wiki iliyopita alimimina chai pembeni ya kikombe, kisha akaketi kusubiri ipoe. Kwa hiyo mama na dada yake, Mama Mkubwa, wamekubaliana: Bibi atakaa kwa Mama Mkubwa mpaka Alhamisi, Ijumaa atakuja kwetu, na Jumapili mchana atasema mwenyewe anataka kuishi wapi. Sharti ni moja. Ni marufuku kumbembeleza. Atakayemvuta kwa maneno, amejitoa mwenyewe.

Mimi ninamtaka Bibi. Naandika wazi, daftari ni langu. Bibi ndiye mtu pekee anayesikiliza insha zangu mpaka mwisho. Wengine huanza kusema vizuri, vizuri, kwenye aya ya pili. Na kitanda cha pili chumbani mwangu ni kitupu tangu dada yangu aolewe. Nimekwisha kukitandika.

Tulimpeleka kwa Mama Mkubwa saa nne. Ile sebule yao! Kuta nyeupe, vigae vyeupe, sofa nyeupe, zulia jeupe, na meza ya kioo ambayo huioni, unaona tu maua yanaelea hewani. Mito kumi na minne. Nilihesabu. Binti yao, ambaye kwa ukoo ni dada yangu na kwa tabia ni adhabu, huipiga kila mto katikati kwa ubavu wa kiganja ili usimamishe masikio. Nimempa jina Bi Mito. Aliniuliza mbele ya Bibi:

“Mdogo wangu, bado mnakaa kwenye ile stoo yenye runinga?”

Stoo!

Nilitabasamu kwa adabu niliyofundishwa. Moyoni niliapa. Kubembeleza kwa mdomo ni marufuku. Hakuna aliyekataza kubembeleza kwa mapazia.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata mwongozo. Msusi wa mtaa wa pili ana jarida la mapambo ya nyumba ambalo wateja hulisoma wakisukwa. Nilikwenda nikaomba kusukwa nywele ambazo zimesukwa juzi. Msusi aliniangalia kichwa, akaniangalia mimi, akaniambia nichukue tu hilo jarida niondoke.

Jarida limekosa jalada na kurasa za mwisho, lakini hekima imebaki. Linasema: kila chumba kiwe na ukuta mmoja unaozungumza.

Nimekagua kuta zetu. Zote bubu. Rangi yake ni ya uji uliopoa. Sofa ya kahawia inayobonyea upande wa baba. Kiti kimoja cha mbao chenye mikono, cha tangu mama hajaolewa. Kabati la vyombo visivyotumika. Kalenda ya mwaka juzi, ambayo mama anakataa kuitoa kwa sababu inaficha ufa. Na saruji tupu sakafuni. Kusema kweli stoo halikuwa neno la mbali sana, ila haliwi neno la kusemwa na mtu mwenye mito kumi na minne.

Wakati wa chakula niliomba ruhusa. Nilieleza habari ya ukuta unaozungumza, hoja baada ya hoja, kwa sauti ya mdahalo. Mama alisema nifanye nitakalo, ila nikiligusa kabati lake la vyombo tutajuana. Baba alisema ukuta ukianza kuzungumza niuombe unyamaze saa mbili, anasikiliza taarifa ya habari.

Familia yenye vipaji huwa na mtu mmoja anayebeba wengine. Basi.

Jumatano, 6 Agosti

Jirani yetu ni fundi rangi. Nilimkuta anaosha brashi zake kwa mafuta ya taa, nikamwamkia vizuri, nikamweleza shida. Akanipa makopo manne ya mabaki: jekundu la geti la mtu, bluu la milango ya zahanati, kijani kidogo, na jeupe robo kopo. Alinionya kwamba rangi si mboga, usichanganye kila kilichopo. Nilimshukuru kwa ushauri. Watu wa mikono hawana nafasi ya kusoma majarida.

Nilitaka zambarau ya jioni, ukurasa wa kumi na moja. Nyekundu na bluu huzaa zambarau, hilo hata darasa la kwanza wanalijua. Nikachanganya. Ikaja, lakini ilikuwa na huzuni kidogo. Nikaongeza kijani kuichangamsha.

Sitaki kuandika kilichotokea kwenye ndoo. Nilisema moyoni ikikauka itabadilika. Nikapaka ukuta mzima, ule unaomtazama mtu anayeingia. Stuli ilikuwa fupi, hivyo juu kabisa umebaki ukanda wa rangi ya uji. Nimeamua kwamba ni wa makusudi.

Imekauka. Haikubadilika. Ni rangi ya maini. Maini mabichi, yale ya buchani asubuhi.

Halafu, nikihama na kopo la nyeupe, nikajikwaa pale pa siku zote. Ukitoka ukumbini kuingia sebuleni kuna ngazi moja ya kushuka, ya saruji kama sakafu, na hakuna mtu wa nyumba hii ambaye haijamla kidole. Nyeupe yote ikamwagika juu ya ngazi. Ikabidi niipake ngazi nzima ili doa lisionekane. Sasa ngazi imekuwa jino.

Baba aliporudi kazini alisimama mlangoni na begi lake. Akauliza nani amemchinja nani.

Nilimjibu kwamba ni zambarau ya jioni. Akasema jioni hiyo ilikuwa na ajali. Mama akacheka mpaka akashika meza. Wazazi! Mtu anampigania mama yao, wao wanashika meza.

Alhamisi, 7 Agosti

Kitambaa cha kile kiti cha mbao kilikuwa kinaning'inia nyuzi. Mama ni fundi cherehani, na kwenye mfuko wa vipande vyake kuna kitambaa cha sare za kwaya ya shule fulani. Mwalimu wao alikikataa, alisema waimbaji walionekana kabla hawajafika. Ni manjano. Si manjano ya kuwaza, ni manjano ya kupiga kelele. Lakini kilikuwa cha bure na kilitosha. Nimekivika kiti chote, mgongo, mikono na makalio. Kimekaa mbele ya ukuta wa maini kama yai kwenye kikaango.

Mapazia niliyakata kwa urefu kamili wa dirisha. Kamili! Kisha nikayafua, kwa sababu jarida linasisitiza usafi. Yakarudi. Sasa mapazia yetu yamevaa kaptula.

Mchana nilikwenda kwa Mama Mkubwa kupeleleza, nikijifanya nimepeleka salamu. Moyo uliniuma. Bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa sofa nyeupe, ameushika mkono wa sofa kwa vidole vyote vitano, na kwa saa nzima niliyokaa hakuuachia. Anaupenda kiasi hicho. Nikamsomea insha yangu mpya. Aliisikiliza mpaka mwisho, lakini bila kuuachia mkono wa sofa.

Kwenye goti alikuwa na plasta mbili. Bi Mito akanieleza kwa majivuno kwamba Bibi aliipenda meza ya kioo hata akaisogelea mno. Na zile bilauri zao nyeupe, Bibi amevunja tatu, kwa hamu ya kuzishika nadhani.

Nitashindana vipi na hayo? Mimi nina yai kwenye kikaango.

Ijumaa, 8 Agosti

Bibi amefika. Nilikuwa nimeandaa maneno machache ya kumkaribisha na kumtembeza sebuleni, kitu kimoja kimoja, kwa sababu kueleza si kubembeleza.

Hakunipa nafasi. Alitoka ukumbini, akafika kwenye ngazi, akatazama chini, akashuka. Akanyoosha moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha manjano, akageuka, akaketi. Hakupapasa, hakuomba mkono wa mtu. Ngazi nilimwaga mimi, kiti nilivika mimi, na alivipita vyote viwili kana kwamba vimekuwapo hapo tangu dunia iumbwe. Hakuna hata neno.

Nilingoja. Nikakohoa. Nikasogeza chombo cha maua karibu naye. Mwisho akauliza kama ule ukuta ni mweusi.

“Ni zambarau ya jioni, Bibi.”

“Haya, mama,” akasema, na akapiga kile kiti mkononi mara mbili, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake begani. Kisha akaomba chai.

Haya! Siku tatu za kazi, kidole kimoja cha mguu kimevimba, nywele zina maini mpaka leo, na malipo yangu ni haya.

Chai aliimimina mwenyewe. Mama alimpa kikombe chetu cha bluu kilichokatika sikio, kwa aibu, kwa sababu vile vizuri viko kabatini. Hakumwaga. Nadhani alijizuia kwa kutuonea huruma.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama Mkubwa na Bi Mito wamekuja kumsalimia Bibi. Mama Mkubwa ni mpole, alitafuta cha kusifu, akasifu dari. Bi Mito yeye hakutafuta. Alisimama katikati ya sebule, akazunguka taratibu, akanishika bega.

“Mdogo wangu, hata mimi najua rangi hii inauzwa kwa kilo.”

Kisha akayainamia mapazia, akauliza yanasubiri mvua ipite ndipo yashuke?

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Lakini mimi si mtu wa kulia na kukaa. Walipoondoka nilikimbia kwa fundi rangi nikamwomba nyeupe. Ana ndoo nzima iliyobaki kwenye kazi ya shule. Alinipa brashi pana na akaniambia safari hii nisiongeze kitu chochote. Mpango wangu: Bibi akilala mchana, napaka ukuta, nakivua kiti, naikwangua ngazi. Jumapili akiamka, kweupe kama kwa Bi Mito.

Bibi hakulala chumbani. Alilala kwenye kile kiti! Saa saba mpaka saa kumi na moja, uso umeelekea ukuta, anakoroma kwa starehe. Nilimwambia kitandani ni laini zaidi. Akasema hapa panamtosha. Nilimwambia kuna upepo. Akasema anaupenda. Nilimwambia kiti kina misumari. Akafungua jicho moja, akaniuliza kama nina shida.

Ndoo iko uvunguni mwa kitanda changu. Kesho ni Jumapili na ukuta bado ni maini. Nimefanya nilichoweza. Kitanda cha pili nimekitandika upya, ingawa sijui kwa nini.

Jumapili, 10 Agosti

Tulikuwa sote sebuleni. Baba amekaa kwenye shimo lake la sofa. Mama na Mama Mkubwa wameshikana mikono. Bi Mito ameketi wima kama mmoja wa mito yake. Mimi nimesimama mbele ya ukuta, nimetanua viwiko ili niufunike kadiri iwezekanavyo.

Bibi alisema polepole.

“Kule kwa dada mtu ni kuzuri, kila mtu ameniambia. Lakini wanangu, kule nilikuwa naelea kwenye maziwa. Sijui ukuta unaishia wapi wala kiti kinaanzia wapi. Hapa naona. Ukuta ule, kiti hiki, ngazi ile. Nainuka mwenyewe, nakwenda mwenyewe, narudi mwenyewe. Nitakaa hapa. Nitalala na mjukuu wangu, nisikie insha.”

Nilipiga kelele. Sitafuti maneno mengine. Nilimkumbatia mpaka kilemba chake kikaanguka. Mama alilia, na Mama Mkubwa akalia pia, akamwomba Bibi radhi kwa goti lake, akisema kweli hawakujua. Baba alikohoa kwa muda mrefu akiangalia ukuta wangu, kisha akasema jioni si mbaya sana ukiizoea.

Furaha yangu ilidumu hadi wakati wa kuosha vyombo. Hapo nikayarudia maneno ya Bibi na nikakasirika. Hakutaja hata mara moja upatano wa rangi. Hakutaja ukanda wa juu. Amekisifu kiti changu kama mtu anavyosifu alama ya barabarani! Kwamba unakiona. Hata moto unaonekana. Nimeambulia ushindi, lakini sanaa yangu haijapewa haki yake.

Jumatatu, 11 Agosti

Bibi amelala chumbani mwangu. Nilimsomea insha mbili. Hakusinzia. Anasema ya pili ina mwisho mzuri kuliko mwanzo.

Asubuhi mkokoteni umesimama mlangoni kwetu. Juu yake: meza ya kioo, zulia jeupe, bilauri nyeupe zilizobaki na mito saba. Bi Mito alitembea nyuma yake amenuna. Anasema Mama Mkubwa ameagiza vyote vitolewe, mama avitafutie mnunuzi, na wanapaka ukuta mmoja rangi ya kukolea, ili Bibi akienda kuwatembelea asiumie. Eti kwa ajili ya Bibi! Wivu tu. Wameshindwa, wanaiga. Aliniomba hata kipimo cha mchanganyiko wangu. Nilimwambia ni siri ya fundi.

Vitu vyote nimevipokea na kuvisukuma uvunguni, pamoja na ndoo. Maana nimefikiri sana. Kama Bibi amenichagua na sebule ya maini, je, nikimpa sebule ya kweli? Mtu aliyeniamini hivi hastahili kuishi ndani ya ajali. Anastahili ukurasa wa kumi na tisa: Weupe Juu ya Weupe. Kuta zote nne. Kiti nitakivalisha shuka. Meza ya kioo katikati, pale anapopita kwenda dirishani, ili aifurahie kila mara. Na zulia jeupe litafunika ile ngazi ya aibu, isionekane kabisa.

Kesho mama anampeleka Bibi hospitali ya macho, na baba atakuwa kazini. Nina saa sita. Fundi rangi ameniazima ngazi ndefu.

Bibi hajui lolote. Akirudi hatapatambua.