Nira Mdomoni mwa Kija

Jumatatu, 4 Septemba 1995

Nimekasirika! Leo yule daktari wa meno aliyekuja na treni ya Tabora kanibandika chuma kwenye kaakaa. Kasema taya langu la juu limebaki nyuma, la chini linatangulia, na mfupa unavutika sasa hivi tu, ningali nakua. Nikishaota ndevu, ni kisu. Chuma kina skrubu. Mama ataizungusha kwa kifunguo, mara moja kila jioni. Halafu nilale na fremu usoni, mipira ikivuta taya mbele. Mateso!

Nje nikakutana na Silvesta. Akauliza mbele za watu kama baba kanifunga nira niende kulima. Yeye Mnyamwezi, mimi Msukuma: watani. Mtani hakasirikiwi. Nikacheka, roho inaniuma.

Na solo ya Sikukuu ya Mavuno kapewa yeye! Mwalimu Methusela wa kwaya alisema "f" na "v" zangu ni upepo mtupu. Tutaona. Kuzungusha skrubu mara moja kwa siku ni mwendo wa wavivu.

Jumatano, 6 Septemba

Nilimwibia Mama kifunguo, nikajificha nyuma ya zizi, nikazungusha mpaka vidole vikateleza. Mama yangu! Pua, macho, kichwa, vyote vikataka kuhama. Ugali sikugusa. Mama akasema hii ni malaria, akanipa klorokwini. Sasa mwili mzima unawasha! Nimejikuna mpaka mbwa ananishangaa. Na yote haya kisa nani? Silvesta!

Jumapili, 10 Septemba

Mwanya! Katikati ya meno ya mbele umefunguka mwanya! Generosa, yule wa sauti ya kwanza, kanisimamisha nje ya kanisa. Kasema umenipendeza kweli, dada zake wanautafuta hawaupati. Silvesta alikuwa palepale. Akameza mate. Raha iliyoje!

Sasa fremu ya nini tena? Nimeifukia ndani ya kihenge, chini ya mahindi. Mama nimemwambia naivaa akishalala.

Jumatano, 13 Septemba

Mshenzi mkubwa! Silvesta kaja nyumbani. Mtani hana hodi: moja kwa moja kwenye kihenge kujichotea mahindi, Mama anamchekea tu. Akatoka na fremu yangu! Kaivaa mpaka mazoezini, akaimba solo nayo huku akinguruma kama dume la plau. Watu hoi. Generosa naye! Baadaye akaniuliza taratibu kwa nini naficha dawa yangu. Heri angeendelea kucheka. Nyumbani Mama kanizaba kibao. Na bado natakiwa nisimkasirikie mtani. Nani alitunga hii sheria?

Jumatatu, 18 Septemba

Daktari karudi. Kaangalia mdomo, kafoka. Kumbe mwanya ni alama tu kwamba mfupa umeachana, na utaziba wenyewe. Kanishikisha kioo: taya la chini bado liko mbele. Kasema nisipovaa fremu kila usiku litabaki hapohapo maisha yangu yote. Kifunguo kakichukua. Mwalimu Methusela naye kaahidi: "f" na "v" zikinyooka, solo ya Krismasi ni yangu.

Sawa. Lakini utaziba? Wenyewe? Kitu pekee kizuri nilichopata kwenye vita hii, nikae nakiangalia kinaondoka? Thubutu!

Jumanne, 19 Septemba

Asubuhi mwanya ulikuwa umepungua, naapa. Fremu nimevaa, nimewasikia nyie wote. Ila nimechomeka njiti ya kiberiti katikati ya meno ili usizibe. Daktari anajua mifupa, mambo ya mwanya hajui. Silvesta atajuta!

Jioni. Njiti imekatikia humohumo. Haitoki. Fizi imevimba, na "f" sasa inatoka upepo pamoja na mate. Mazoezini Silvesta kaomba mwavuli.

Kosa nimeshalijua. Njiti ni mti, lazima ivunjike. Kesho naweka msumari.