Kumbikumbi wa Siku ya Jua

Jumatatu, 24 Juni 2024. Koboko.

Nimekuwa mtafiti! Chuo kimefungwa, lakini Dokta Severino ametupa sisi wa biolojia utafiti wa kufanya nyumbani, yeye akitusimamia kwa simu kutoka Kampala. Kila mtu na kichuguu chake. Tazama kumbikumbi wanatoka lini, pima joto, tuma taarifa. Atakayefanya vizuri kuliko wote ataitwa kwenye maabara ya chuo likizo nzima. Wengine tutabaki tulipo. Mimi nikibaki, Mjomba Sule ameshanitengea stuli kwenye kibanda chake cha ndala sokoni. Ndala! Mwaka wa tatu wa sayansi! Kichuguu changu kiko Lurujo, safari ya bodaboda na matope. Nitaanza kesho.

Jumanne, 25 Juni.

Sikuanza. Jua kali mno. Juliet, mwenzangu wa darasa aliyeko Inde, kule Arua, ametuma kwenye kundi picha ya kumbikumbi wakitoka baada ya mvua. Kipimajoto mkononi, gambuti mguuni. Gambuti! Dokta amemwita mfano wa kuigwa. Nikaona wivu. Nikajilaza kitandani nikaandika taarifa: kichuguu changu kimetoa kumbikumbi saa tano asubuhi, jua likiwaka, bila tone la mvua. Joto nikaweka la chumba changu, kwa hiyo si uongo wote.

Jumatano, 26 Juni.

Balaa. Dokta amefurahi. Anasema kumbikumbi wa aina hiyo kutoka juani ni jambo ambalo hajawahi kulisikia, na ameomba, kwa heshima zote, nilionyeshe darasa zima kwa video Ijumaa. Juliet amenipongeza kwa neno moja na nukta. Najua maana ya ile nukta.

Alhamisi, 27 Juni.

Nimepata dawa! Huku kwetu hata mtoto anajua: funika kichuguu kwa blanketi, mwagia maji, piga vijiti harakaharaka, na kumbikumbi watadhani mvua imefika. Simu nitaiweka karibu kabisa na tundu, Dokta asione kingine. Nimechukua blanketi la Mama. Joto lote hili, analihitaji la nini?

Ijumaa, 28 Juni. Lurujo.

Nilifunika kichuguu, nikamwagia maji, nikapiga vijiti kwenye jerikeni, darasa likitazama kwa simu. Dokta akauliza hizo kelele za nini. Nikamwambia jirani anapaua nyumba. Wakatoka! Mmoja, kisha wachache, kisha lundo zima, mabawa yanang'aa! Dokta alishangilia kama mpira umeingia golini. Nikajiona maabarani, koti jeupe, jina kifuani.

Kitu kimoja nilisahau. Lurujo, mlio ule ni mwito. Wanawake walifika na mabeseni, mbele yao Mama Zam, mwenye kichuguu. Kila kichuguu huku kina mwenyewe, na hiki alikirithi kwa mama mkwe wake. Kwenye taarifa nilikuwa nimeandika kwamba ni cha porini, hakijaguswa na binadamu. Beseni likaingia kwenye video. Ukafuata uso wa Mama Zam.

"Mutu gani iko napiga kichuguu yangu bila kuuliza mimi?"

Nikasema hii ni sayansi. Akasema basi sayansi iendelee kupiga, mkono usipumzike, mpaka mabeseni yajae. Kisha akaichukua simu, blanketi likaonekana lote, akamuuliza Dokta kama ndiye anayetuma vijana kuiba. Dokta akakana upesi. Juliet akauliza, kwa ule upole wake unaoudhi, kama siku hizi Koboko wanapaua nyumba kwa blanketi. Darasa zima likacheka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na huku napiga vijiti. Sampuli yangu ikakaangwa kwa chumvi mbele ya macho yangu. Nilipewa kiganja kimoja. Tamu, siwezi kukataa.

Jumapili, 30 Juni. Koboko.

Uamuzi umetoka. Juliet anakwenda maabara. Mimi sikufukuzwa, kwa huruma ya Dokta: nitapima mvua hapa nyumbani kila asubuhi kwa chupa iliyokatwa, nimpelekee vipimo Juliet. Juliet! Na kesho naanza ndala kwa Mjomba Sule. Roho inaniuma, sitaficha.

Lakini nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kuandika jambo la kusisimua. Mvua haimsisimui mtu. Nani ataomba video ya chupa? Kwa hiyo leo nimekaa nikajaza kabisa vipimo vya wiki nzima ijayo. Jumatatu na Jumanne kukavu. Jumatano mvua kubwa, ionekane nina bidii.

Sasa hivi Mama amepita na blanketi lake lililojaa matope, amenuna, akiuliza kama akilifua leo litakauka, maana mawingu haya hayaeleweki. Nimemwambia afue bila wasiwasi. Hakuna mvua mpaka Jumatano.