Hatua Tano za Handaki

Jumatatu, 4 Oktoba 1954

Na ijulikane kwa wote, wa karibu na wa mbali: leo asubuhi mimi, Mbaka, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, nimetia jembe langu mpini mpya. Sherehe haikufanyika.

Mengine ni madogo. Bado tumefungiwa katika kijiji hiki kipya karibu na Manyatta, nyumba zimebanana kama meno, na kila siku tunachimba handaki la kujizungushia sisi wenyewe. Kila nyumba hatua mbili. Ukitoka nje bila pasi ya ruhusa, homgadi, walinzi wa serikali, hawaulizi mara mbili. Hali ya Hatari, wanasema. Kana kwamba hatujaona.

Barua imefika kutoka Kanyakine. Binti yetu Muthoni anakaribia kujifungua. Uzazi wa kwanza nusura umwue. Sasa anamtaka mama yake. Teresia alikuwa ameshajifunga leso aende kwa hedimani Ireri, mkuu wa kijiji, kuomba pasi. Nikamwambia akae. Mambo ya ofisi yanataka mtu mwenye mpango. Akauliza mpango gani. Nikasema unakuja.

Jumanne, 5 Oktoba

Haujaja.

Nimemtazama jirani yangu Njiru. Wanawe wawili wako kizuizini, ng'ombe wake walichukuliwa wote, na bado kila asubuhi anatoka amenyoa ndevu, anavumisha wimbo wa kanisani. Mimi nina mke, nina paa, nina meno yote ila matatu, na bado silali kwa wasiwasi. Nikamwuliza anaishije. Akasema huchagua jambo moja la maana kila siku, akilimaliza analala.

"Moja tu, Baba Muthoni. Mawili ni ya watu wenye nafasi."

Nimechagua langu! Nitachimba kuwashinda wote. Ireri ataona bidii, moyo utamlainika, pasi hii hapa. Ajabu hakuna aliyewahi kunifikiria kwa uchifu.

Jumatano, 6 Oktoba

Hatua tano! Peke yangu!

Njiru, moja na nusu. Aliacha sehemu yake akaenda kumsaidia mjane Cicily, mwenye mguu mbovu. Nilimsikitikia. Mtu mzuri, lakini hana shabaha. Ireri alipita na fimbo yake ya kupimia, akapima sehemu yangu mara mbili, akaandika kitu daftarini. Jioni vidole vilikataa kushika kijiko. Teresia alinilisha. Aliuliza jambo moja tu: kama nimeshaitaja pasi. Nikamwambia matunda hayavunwi mabichi.

Alhamisi, 7 Oktoba

Janga. Ireri alitukusanya, akanisimamisha mbele, akasema kumbe mtu mmoja anaweza hatua tano. Basi kuanzia leo kila nyumba itachimba nne. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu kabla hesabu haijanifikia.

Mtoni hakuna mwanamke aliyemsalimu Teresia. Saa nane Cicily alianguka handakini. Njiru akamtoa, akamkalisha kivulini, akarudi kumalizia sehemu yake. Mtu amemwaga majivu mlangoni petu. Ninashuku kijiji kizima.

Ijumaa, 8 Oktoba

Nimekwenda kwa Ireri. Nilinyoa kwanza, kama Njiru. Nikajikata mara mbili. Nikaomba pasi. Akanishika bega kwa upendo.

"Bwana D.O., afisa wa wilaya, anakuja kukuona wiki ijayo, Mbaka. Nikikuachilia, nimwonyeshe nani?"

Nikasema basi apewe Teresia. Akauliza nani atampikia mtu wa hatua tano. Nikatoka nikiwa nimemshukuru. Sijui kwa nini.

Pasi ya mwisho amepata Njiru, ampelekee mwanawe blanketi kizuizini kule Meru. Ireri anasema handaki halitamkumbuka. Njiru mwenyewe amejitolea kupitia Kanyakine. Teresia amempa mafuta ya mbarika ya kumpaka mtoto, na kipande cha shuka. Alikikunja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumanne, 12 Oktoba

D.O. hakuja. Nilichimba tano, asije akatokea ghafla.

Alhamisi, 14 Oktoba

Njiru amerudi. Alivua kofia kabla hajafika mlangoni, nikajua.

Muthoni yu hai. Mtoto, mvulana, aliishi siku mbili. Muthoni aliuliza kama mama yake ni mgonjwa.

Nitaandika ukweli, maana hakuna asomaye humu. Mama yake hakuwa mgonjwa. Jumatatu ile Ireri alikuwa na pasi tatu mezani. Moja alimpa mke wa Njagi, aliyekuwa na binti mjamzito kama sisi. Aliomba tu. Leo Ireri amemwambia Teresia kwamba lau angekuja, hata yeye angepewa. Alikuwa ameshajifunga leso. Mimi ndiye niliyemwambia akae.

Teresia hakunilaumu. Alichukua jembe akaenda kuchimba sehemu ya Cicily, na Njiru akashuka kando yake, vumbi la safari bado miguuni. Cicily aliketi ukingoni akiwaimbia.

Nimewatazama mpaka jua likazama. Hatimaye nimeona kosa langu lilipokuwa. Hatua tano zilikuwa chache. D.O. anakuja kesho, safari hii kwa hakika. Akikuta saba, pasi ya Teresia ataiandika kwa mkono wake mwenyewe.