Kiangazi cha Kitabu Kisichoazimwa

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefika nyumbani kwa Mama. Likizo nzima iko mbele yangu! Mpango: kuamka na jogoo, kuandika riwaya yangu ya pili ya vijana, kusoma barazani mchana. Mwandishi hahitaji makuu. Utulivu na meza tu.

Meza haipo. Yaani ipo, ila Mama ameiwekea cherehani. Anasema miaka yote niliyokuwa nayo haikuandika la maana, sasa angalau inashona. Nimepewa stuli ya jikoni.

Chumba changu cha zamani hakijabadilika. Harufu ile ile ya vumbi, sabuni ya unga na karatasi. Likizo za utotoni nilikuwa nikilala chini ya kitanda, juu ya sakafu ya saruji yenye ubaridi, nasoma mpaka Mama anachoka kuniita kula. Sijapata tena raha kama ile. Nikatamani kulia. Nikaona bora nijaribu kuingia chini ya kitanda tena. Nilikwama mabegani. Mama alinivuta kwa miguu, akauliza kama huko mjini ndiko wanakofundisha haya.

Alasiri, maktaba. Bi Kimya bado yupo! Ndiye mkutubi aliyetulea. Jina hilo tulimpa sisi watoto kwa sababu ya kidole chake kisichobanduka mdomoni. Nikaenda moja kwa moja kwenye rafu ya vijana, ile ya dirishani. Riwaya yangu ya kwanza, na mpaka sasa ya pekee, imesimama pale. Safi kama imetoka kiwandani jana! Nikajisikia fahari.

Bi Kimya akaninong'oneza kwamba usafi huo ndio tatizo. Jumamosi anaondoa vitabu visivyoazimwa, vipya vipate nafasi. Nikamuuliza changu hakijaazimwa tangu lini. Akasema tangu kije.

Kando ya kitabu changu kuna vitabu vya Mrefu. Tulisoma naye darasa moja; sasa naye anaandikia vijana. Vyake vimechanika migongo kwa kugombewa.

Sitaki kujifanya. Maktaba ile ndiyo iliyonifundisha kusoma. Kitabu changu kikitolewa pale, sijui nitajiitaje mwandishi. Lazima kiazimwe kabla ya Jumamosi.

Jumanne, 5 Agosti

Penye nia pana njia. Nimekwenda kukiazima mwenyewe. Bi Kimya akasema mwandishi haazimi kitabu chake. Akauliza kama nimesahau nilichoandika.

Nikamtuma Mama. Nikamwelekeza rafu, rangi ya jalada, hata uso wa kuweka, uso wa mtu aliyesikia sifa za kitabu akashindwa kuvumilia. Alikawia sana. Akarudi na kitabu cha Mrefu.

Anasema changu herufi zake ni ndogo kama chawa. Isitoshe, alishakisoma, na harusi ya mwishoni ilimfurahisha sana. Hakuna harusi! Mhusika mkuu anapotea katika mvua.

Nikamweleza kwamba wasomaji hawanijui tu, nahitaji kujitangaza. Akajibu kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kisha akavaa miwani, akaketi barazani na Mrefu wake. Alicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimeandika. Sentensi moja. Nzuri, lakini nimeifuta, ilikuwa inajua kuwa ni nzuri.

Maoni yangu juu ya riwaya za vijana, nisije nikayasahau. Kwanza, kijana asibembelezwe. Pili, sura ya kwanza iwe ndefu, msomaji mvivu aondoke mapema. Yangu inaanza na kurasa kumi na moja za mvua. Kuna watu hawakuipenda mvua ile. Ni watu wa juani.

Mama alipolala mchana nilichukua kitabu cha Mrefu, kwa ajili ya utafiti. Nikajifungia bafuni. Sura za kurasa mbili! Mtu hajakaa vizuri, sura imekwisha. Haraka haraka haina baraka. Nikaendelea ili nione atakapoanguka. Mama akagonga mlango akidai bafu lake. Nikamwambia bado sura moja. Ilikuwa imebaki sita.

Haraka hii ya Mrefu ni ya tangu zamani. Vitabu vya darasani havikutosha, kwa hiyo kimoja tulikisoma wawili, vichwa vimegusana. Yeye alikuwa mwepesi, mimi mzito. Akifika mwisho wa ukurasa alikuwa ananisubiri, kidole kimeshika pembe, hafunui mpaka nitikise kichwa. Hakuwahi kunihimiza. Nakumbuka mpaka kucha zake zenye wino. Zile ndizo siku zilizonifanya nipende vitabu, na leo nimezikumbuka nikakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea.

Wakati ule nilidhani ni upole. Sasa naelewa. Alikuwa akijionyesha.

Alhamisi, 7 Agosti

Ushindi! Kinyozi amekubali.

Kinyozi wa kona hasomi vitabu, ila ana mtindo mpya wa nywele ambao hakuna mteja aliyethubutu kuujaribu. Tukapatana: nimpe kichwa, yeye ajiandikishe maktaba na kuazima kitabu changu. Nikapiga moyo konde, nikaketi. Upande mmoja amenyoa kabisa. Upande wa pili ameacha kitu kama ngazi. Wazee waliokuwa wakisubiri zamu walianza kushika vichwa vyao. Mmoja akaondoka.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu zimebaki kidogo, lakini kitabu kimeazimwa. Kinyozi ameniletea mwenyewe hadi nyumbani. Anasema Bi Kimya alikitazama, akamtazama, akauliza kama anaumwa.

Mama ameniomba nisisimame mbele ya nyumba.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikulala vizuri. Kitabu kimeazimwa, ndiyo, lakini mara moja tu, tena na kinyozi. Bi Kimya si mtoto. Atatazama zile kurasa zilizonyooka na kujua kuwa hakuna aliyezigusa. Kitabu kinachopendwa huchakaa. Vya Mrefu vimechakaa. Basi, dawa ya moto ni moto!

Nikaanza asubuhi. Nimekunja pembe za kurasa, zote, nisipendelee. Nimemwaga chai kwenye sura ya tatu, yenye majonzi, ionekane msomaji alitetemeka. Nimekikalia wakati wa chakula. Nimekisugua kwenye ukuta wa nyuma. Kilikuwa kimelowa sana, nikakianika juu ya paa la banda. Jua likafanya kazi yake, na gundi ya mgongoni ikaanza kulia kama mbao kavu.

Mama alisimama mlangoni akiniangalia nikikikanyaga. Akauliza kitabu hicho kimenikosea nini. Nikasema ni mapenzi. Akasema basi ndiyo maana sijaoa.

Mrefu naye yuko kwao kwa likizo! Mama ndiye aliyeniambia. Kesho Bi Kimya amemwalika azungumze na vijana. Mimi sikualikwa. Nitakwenda, nikae nyuma, baadaye nikabidhi kitabu changu kilichopendwa, mbele ya watu. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini safari hii nguo ni zangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika haya mkono ukiwa mzito.

Nilikwenda na kofia. Bi Kimya akanionyesha kwa kidole kwamba ndani hazivaliwi. Nikaivua. Vijana wote wakageuka. Wavulana wawili wakaniuliza nimenyolewa wapi. Ndiyo mara ya kwanza vijana kuniuliza swali.

Mrefu alizungumza vizuri, kwa bahati mbaya. Kisha msichana mmoja mwenye begi mgongoni akamuuliza ni kitabu gani anachokirudia kila mara. Akataja changu. Kwa jina! Akataja na mimi. Akasema kuna kurasa kumi na moja za mvua ambazo mtu akizisoma polepole anasikia bati la nyumba yao ya zamani.

Nikajua ni mtego, ila sikujua ni wa namna gani.

Msichana akaenda rafu ya dirishani. Akarudi mikono mitupu. Bi Kimya akatazama kadi zake, akasema kitabu kiko kwa Kinyozi. Msichana akauliza kitarudi lini, akaonekana ameumia kweli, maana Jumatatu alitaka kuanza kukisoma. Msomaji! Wa kwanza, yuko hai, anakitaka! Nikasimama nikapaza sauti kwamba kipo, kipo hapa.

Nikavuta kutoka kwenye mfuko. Jalada likaja peke yake. Nikavuta tena. Mvua yote ikamwagika sakafuni, karatasi baada ya karatasi, pembe zimekunjwa, chai imekauka. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Mrefu ndiye aliyepiga magoti kuziokota.

Bi Kimya hakunong'ona. Alisema kwa sauti kamili, ambayo sikujua anayo, kwamba amekaa pale maisha yake yote na hajaona kitabu kilichoteswa hivi. Kadi ya Kinyozi imezuiwa. Kitabu kimeondolewa, si kwa kutoazimwa tena, bali kwa kuharibiwa. Na mwandishi wake!

Nimeumia. Sisemi kwa mzaha. Nilipita chini ya dirisha lile la rafu ya vijana nikarudi nyumbani kwa njia ya mbali, nisionane na mtu.

Kinyozi amekuja jioni akiwa amekasirika. Si kwa sababu ya kadi. Alikuwa ameanza kusoma akiwa njiani kuniletea, sasa anataka kujua kama mvua ilikatika.

Jumapili, 10 Agosti

Mrefu amekuja. Nilimwona dirishani, nikajificha nyuma ya pazia jipya ambalo Mama amelitundika kando ya cherehani.

Alikaa na Mama muda mrefu. Mama akamsifia kitabu chake, yeye akamsifia mapazia. Kisha akasema ana nakala yake ya riwaya yangu, ameamua kuipeleka maktaba kesho, kwa sababu yule binti anasubiri na haifai mtu aanze likizo bila kitabu alichokitaka. Alisema inamwia vigumu kuachana nayo. Mama akaniita. Nikalivuta pazia karibu. Akaniita jina la utotoni. Nikabana pumzi.

Alipoaga alimuaga Mama, halafu akainama kidogo akaliaga pazia. Miguu yangu ilikuwa nje.

Mama anasema mtu yule ananipenda tangu tukiwa na kaptura, na mimi ni mzito kuliko mlango wa chuma. Sikuona sababu ya kubishana. Mama ni mtu wa harusi za mwishoni.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Bi Kimya kabla hajafungua. Aliniruhusu kuingia kwa sharti kwamba mikono ikae mfukoni.

Nakala ya Mrefu ilikuwa mezani, Bi Kimya anaibandika lebo ya maktaba. Mpaka sasa moyo unanidunda nikikumbuka. Kitabu kimechakaa! Si kwa chai. Mgongo umeshonwa kwa uzi, kwa mkono wa mtu asiyejua kushona. Kurasa za mvua zimelainika kama kitambaa. Pembe za chini zimekuwa nyeusi kwa vidole, mwanzo hadi mwisho, na kuna mistari ya penseli chini ya sentensi ambazo hata mimi nilikuwa nimesahau kuwa ni zangu. Nilisoma mmoja, machozi yakanilenga. Mtu amekisoma kitabu hiki mwaka baada ya mwaka.

Bi Kimya akakiweka rafu ya dirishani. Hakikukaa hata kidogo, msichana alishafika. Aliondoka anasoma huku anatembea, akagonga nguzo ya lango, akaendelea kusoma. Furaha niliyoisikia sijaisikia tangu chini ya kile kitanda.

Nikakaa nikafikiri. Mrefu hawezi kuwa ndiye aliyekisoma hivi. Mtu wa sura za kurasa mbili? Hana subira hiyo. Ni wazi amekinunua kikuukuu. Kwa hiyo mahali fulani yupo mtu aliyekipenda kitabu changu mpaka akakishona kwa mkono wake, kisha sijui dhiki gani ikamfanya akitoe. Maskini wa Mungu! Msomaji wangu wa kweli. Lazima nimpate, nimwambie kwamba najua.

Nimekwenda kwa Mrefu, nikambana anitajie alikitoa kwa muuzaji gani. Alitazama vidole vyake. Akacheka taratibu. Akasema muuzaji hamkumbuki, lakini likizo bado ndefu, tunaweza kuzunguka kwa wauza vitabu wote pamoja tukimtafuta mtu huyo.

Tunaanza kesho asubuhi. Sijui atapata faida gani. Nitamwacha atangulie, nimchunguze vizuri.