Damu ya Kuazima

Waliomwita Mtaalamu hawakujua ni mtaalamu wa nini, na mwenyewe hakuwahi kuwasaidia. Asubuhi ile alikuwa kwenye benchi nje ya kliniki ya utafiti wa damu, amefuata kivuli tu, alipomwona mwenye duka la vifaa vya ujenzi akishika kitasa cha mlango, akirudi. Akashika tena, akarudi tena, jasho linamtiririka.

Loo! Hofu ya mtu mwenye duka ni mtaji.

"Shikamoo, mzee. Sindano ndogo tu hiyo."

"Marahaba. Sindano siogopi, kijana, naogopa majibu." Mzee akatazama huku na huku. "Mke wangu kasema nisipopima virusi vya Ukimwi, nisikanyage chumbani. Ati safari zangu za mizigo zimezidi."

"Zimezidi?"

"Kidogo."

"Sasa unahangaika nini na mimi nipo? Nimepima juzijuzi, sina tone la wasiwasi. Lete kitambulisho, nikakutolee damu. Utanipa ya soda."

Soda aliyoitaja ingemwogesha ng'ombe, lakini mzee alilipa. Mpokeaji wa kliniki akatupia jicho kitambulisho, picha ya enzi mzee ana nywele, akagonga mhuri huku akipiga miayo. Mtaalamu akafungwa mpira mkononi, akakunja ngumi. Vikajazwa vichupa viwili. Cha kwanza kilikuwa cha virusi. Cha pili hakuuliza, na hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake.

Majibu yalitoka safi. Kliniki ikawa inapiga simu nyumbani, mzee arudi, damu yake ina jambo la ajabu wanataka kulichunguza. Mkewe akipokea, mzee anajikausha.

Mtaalamu alipopeleka majibu dukani, alimkuta binti wa mzee akipima misumari. "Unanunua au unapunga upepo?" binti akamuuliza bila kuinua macho. Mtu aliyewahi kuuza kiwanja kimoja kwa watu watatu akajikuta ananunua kilo ya misumari! Alipenda. Alipenda kweli, maskini, mpaka akaacha utapeli kwa wiki nzima. Binti naye akawa anacheka kila akimwona, na kicheko ni nusu ya ndoa.

"Hutanikataa, mzee," Mtaalamu alimwambia kando alipokwenda kuposa. "Damu yangu ishaingia kwenye familia yako."

Mzee akasaga meno, akakubali. Lakini mama wa binti akasema, "Kwanza apime. Kwa daktari yuleyule wa baba, na majibu yasomwe mbele yetu."

"Hata kesho, mama!" Mtaalamu akapiga kifua.

Siku ya majibu walijibana kwenye kachumba ka daktari. Daktari mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mtafiti wa virusi na hitilafu za damu, macho mekundu kwa kuinamia hadubini.

"Nisome mbele ya wote? Damu ni siri ya mwenyewe."

"Soma, daktari! Mimi sina siri," akasema Mtaalamu, ambaye hakuwa na kingine.

"Virusi huna." Binti akatabasamu mpaka macho. "Ila damu yako ina hitilafu moja. Haina madhara, lakini ni adimu. Miaka yote hii nimeiona kwa mtu mmoja tu."

"Si ndiyo ile uliyompigia simu mume wangu?" akadakia mama mtu.

"Mimi sijasema ni nani. Nasema tu, kwa kawaida hurithiwa. Hukaa ndani ya ukoo."

Mama mtu akageuza shingo polepole kumtazama mumewe. Mtaalamu akapiga hesabu: akisema ukweli, amekiri utapeli na mchumba kaondoka. Akafungua kinywa aropoke uongo wowote, lakini mzee alimwahi.

"Mwanangu!" Mzee akamkumbatia, machozi yanamtoka. "Mke wangu, nisamehe. Ni ujana, kabla hata sijakujua. Mama yake nilimwacha mjamzito!"

"Mzee, acha utani," Mtaalamu akanong'ona, kabanwa kifuani.

"Basi sema wewe tulivyofanya, twende polisi wote."

Mtaalamu akamrudishia kumbatio. "Baba," akasema. Ulikuwa uongo wake wa kwanza usio na faida.

Binti akaangua kilio, "Kumbe kaka yangu!" Mpokeaji wa kliniki, leo hana miayo, akamkimbilia na leso. Mtaalamu aliona, na roho ikamuuma kuliko sindano zote.

Mzee alikuwa anafuta machozi kwa raha: kafukia siri, kamtema mkwe tapeli, vyote kwa kumbatio moja. Ndipo daktari akavuta mpira wa kufungia mkono.

"Hongera! Baba na mwana, utafiti wangu umepata bahati. Sasa nataka damu mpya ya baba, nipime yote upya, na virusi. Hapahapa."

Mama mtu akamkunja mumewe mkono wa shati kwa mikono yake mwenyewe. Mzee akatupia jicho kitasa cha mlango. Daktari akamwinamia sikioni. "Yakiwa mabaya, dawa zipo, watu wanazeeka nazo. Ujanja ndio bado hatujaupatia dawa."

Majibu ya virusi ni siri ya mzee na mkewe, na mimi sikuajiriwa kliniki. Kuhusu ile hitilafu adimu, daktari aliitafuta kwenye damu mpya asiione, akacheka peke yake, akanyamaza.

Siku hizi Mtaalamu anashusha saruji dukani tangu kunakucha. Mshahara hana, kwa sababu mtoto wa mwenye duka halipwi, na kila akikohoa mzee anamkumbusha polisi. Juzi alikuwa ameinama chini ya mfuko binti alipomwita kutoka kaunta.

"Kaka, fanya haraka bwana. Mchumba wangu anajenga, anasubiri mzigo wake."

Mtaalamu akainua macho. Mlangoni alisimama mpokeaji wa kliniki, anapiga miayo.