Sufuria Iliyoniangukia Jeshini

Jumapili, 2 Machi 2014
Najla, mke wangu, kapiga simu kutoka Mombasa, anapiga kelele kwa furaha. Serikali inaajiri walinzi wa maghala, na wanajeshi waliopata ulemavu kazini wanatangulizwa. Mimi huyo! Vidole viwili vya mguu nimeviacha jeshini! Afisa wao, Bwana Abdullatif, anapita Dubai Alhamisi kuwahoji walioko huku. Miaka mitatu nalinda mlango wa duka la watu. Khalas, imetosha! Nikipata hii, nalala kwangu. Nimemkumbuka Najla mpaka naona haya.

Jumatatu, 3 Machi
Balaa. Barua ya daktari wa jeshi inasema niliangukiwa na sufuria ya wali. Nilikuwa mpishi. Nani atamtanguliza mtu wa sufuria? Nimeificha chini ya godoro. Nitasema lilikuwa bomu.

Jumatano, 5 Machi
Nimemsimulia Gerishom, Mganda ninayekaa naye chumba kimoja hapa mtaa wa Naif. Yeye alipigana kweli. Kanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza bomu gani linakula vidole viwili na kuacha soksi. Wivu tu! Eti Hafiz, sema ukweli. Hata hivyo shati langu kanipigia pasi yeye.

Alhamisi, 6 Machi
Bomu nimelilipua vizuri mno. Bwana Abdullatif nusura alie. Kisha akafungua faili, akatoa barua ya sufuria. Nakala! Najla alishaituma! Akauliza kama ni yangu. Nikaapa ni ya mtu mwingine, majina tu tumefanana. Akashusha pumzi. Akasema sheria haiulizi bomu wala sufuria, mradi umeumia kazini. Huyo wa sufuria ndiye wa kwanza kwenye orodha. Kwa kuwa si mimi, niende salama.

Yarabi!

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia Najla. Kacheka, kisha kalia. Akasema yeye alikubali kuolewa kwa sababu ya wali wangu, bomu la nini? Kumbe Gerishom alikwenda hotelini kwa afisa kuniombea. Nafasi bado ipo, nikipeleka maelezo ya kweli kwa mwandiko wangu kabla hajasafiri kesho. Nilimkumbatia Gerishom mpaka akalalamika.

Nimeshaandika. Nimekiri yote: jiko, wali, sufuria, vidole. Ukweli mtupu. Nimeongeza kidogo tu, kwamba sufuria ilipigwa risasi.